Pisini mpya ya Nguba: usinunue pompi nyingine

Swali: Jambo sana Mzee. Nina nyumba ya wageni hapa Bukavu, upande wa Nguba. Mwezi uliopita tumemaliza kujenga pisini ya mita 10 kwa 5, kina cha wastani mita moja na nusu. Iko chini kwenye mteremko, kuelekea ziwa. Pompi na filta ya mchanga viko juu karibu na nyumba, kwa sababu ya umeme na wezi. Skima mbili, yale masanduku ya ukingoni yanayopokea maji ya juu, na tundu la chini vinaungana kule chini kwenye vane tatu za kufungua na kufunga maji, halafu tiyo moja, yaani bomba, ya milimita 50 inapanda mita 18 mpaka kwenye pompi. Nimehesabu kona nane. Kutoka uso wa maji mpaka kwenye pompi ni mita 1.8 kwenda juu. Tangu siku ya kwanza kikapu cha pompi hakijai, nusu ni hewa. Kwenye midomo ya kurudisha maji vinatoka viputo, na mdomo mmoja wa mbali hautoi kitu. Skima moja inavuta, nyingine imekufa. Sindano ya manometa, kile kipima presha, inacheza kati ya bar 0.2 na 0.4. Kila asubuhi pompi inalia dakika kumi kabla ya kushika maji, na siku moja kijana aliisahau ikawa ya moto kabisa. Mwashi anasema pompi ni mbovu. Aliyetuuzia anasema ni ndogo, tuchukue inayotoa maji mara moja na nusu ya hii. Nifanye nini kabla sijatoa pesa?

Jibu: Mama, jambo sana. Umefanya vizuri kuuliza kabla ya kufungua mkoba, na umefanya vizuri zaidi kupima. Namba zako zimenisaidia kuliko maneno ya mwashi na ya muuzaji yote mawili. Usinunue pompi. Hiyo uliyo nayo, kama haikuungua siku ile iliposahauliwa, inatosha pisini yako. Shida iko kabla ya pompi, katika zile mita 18 zinazopanda, na pompi kubwa itaizidisha. Nitakueleza kwa kirefu kwa nini, maana muuzaji atarudi na maneno yake na lazima uwe na ya kumjibu.

Anza na manometa iliyo juu ya filta, kwa sababu ndiyo inayogawa matatizo ya maji ya pisini mafungu mawili. Sindano ikipanda kuliko kawaida yake, kizuizi kiko baada ya pompi: mchanga umejaa uchafu, vane imefungwa nusu, midomo imeziba. Ikishuka kuliko kawaida, pompi haipati maji, na sababu iko kabla yake. Kwa pisini kama yako, filta ikiwa safi, ningetegemea kuona bar 0.6 mpaka 1 hivi. Wewe una 0.2 mpaka 0.4, tena inacheza. Huko kucheza ni pompi inameza maji, halafu hewa, halafu maji tena.

Viputo navyo vinasema hivyo hivyo. Baada ya pompi bomba lina presha ya kusukuma: likiwa na tundu, maji yatatoka nje, hewa haiwezi kuingia. Hewa inaingia pale tu bomba linaponyonya, yaani kati ya pisini na pompi. Kwa hiyo mtu asije akakuchimbia bustani upande wa midomo ya kurudisha eti anatafuta mahali viputo vinapotoka.

Sasa twende kwenye hilo neno "kuvuta". Sisi sote tunasema pompi inavuta maji, hata mimi nasema hivyo kutwa nzima kazini. Lakini maji hayavutiki kama kamba. Pompi inatupa nje maji yaliyo tumboni mwake, inaacha nafasi, na hewa inayokandamiza uso wa pisini ndiyo inayoyasukuma maji yapande bombani kuijaza nafasi ile. Nguvu yote ya upande huo ni ya hewa. Weka pompi ya nguvu ya farasi mmoja au ya farasi kumi, hewa inayosukuma ni ile ile.

Na hewa ya Bukavu ni nyepesi. Hilo unalijua jikoni: maharage ya hapa yanakaa motoni kuliko yale yanayopikwa Uvira. Sisi tuko kwenye mita 1,500 hivi juu ya bahari, hewa haikandamizi sana, na maji yanachemka kwenye nyuzi 95 badala ya 100. Kule Moanda kwenye bahari, hewa ina nguvu ya kusukuma maji mpaka urefu wa mita 10.3, na hapo ni bomba lisilo na msuguano na pompi isiyo na kasoro. Hapa kwetu ni mita 8.6. Chukua hizo mita 8.6 kama pesa yote uliyo nayo mfukoni unapokwenda sokoni, kisha tuone unavyoitumia.

Pisini yako ina lita 75,000. Nyumba ya wageni inataka maji yote yapite kwenye filta walau mara moja kila saa sita, yaani mita za ujazo 12.5 kwa saa. Bomba la 50 lina uwazi wa ndani wa milimita 44 hivi. Ukipitisha maji hayo yote humo, yanakimbia mita 2.3 kwa sekunde. Upande wa kuvuta hatupendi yapite mita 1.5. Kwa mwendo huo wa 2.3, mita 18 za bomba pamoja na kona nane, ambazo kila moja inakula kama mita moja na nusu ya bomba lililonyooka, zinakugharimu mita 3.4 hivi za msuguano. Ongeza mita 1.8 za kupanda. Umetumia 5.2 kati ya 8.6, na maji hayajaingia kwenye pompi bado. Pompi nayo inataka ibakiziwe mita kadhaa mlangoni, vinginevyo maji yanaanza kuchemka humo ndani yakiwa baridi. Uko kwenye ukingo.

Sasa nunua hiyo ya mara moja na nusu. Msuguano haupandi kwa hesabu hiyo hiyo. Maji yakiongezeka mara moja na nusu, msuguano unaongezeka zaidi ya mara mbili. Zile 3.4 zinakuwa 7.2. Weka 1.8 za kupanda, unapata mita 9. Mfukoni una 8.6. Maji hayo hayatafika, Mama, hata pompi iwe imetoka kiwanda gani. Kitakachofika ni sauti kama ya changarawe inayozunguka kwenye sufuria: ni viputo vya mvuke vinavyopasuka kwenye turbini, lile gurudumu la ndani ya pompi linalotupa maji, na vinaitafuna plastiki na hata chuma kidogo kidogo mpaka turbini inakuwa kama imeliwa na panya. Nimezishika turbini za namna hiyo. Simlaumu muuzaji kwa nia mbaya, lakini alitazama pompi peke yake, hakutazama bomba wala mlima.

Kwa hiyo una magonjwa mawili kwenye bomba moja: bomba jembamba, refu, linalopanda, na tundu linaloingiza hewa. La pili ndilo linalokusumbua kila asubuhi, na ndilo rahisi zaidi, basi tuanze nalo.

Kwanza hakikisha maji ya pisini yako katikati ya mdomo wa skima. Yakiwa chini ya hapo, skima inakunywa hewa na hakuna ugonjwa wa kutafuta. Kisha kata umeme kwenye sanduku lake, usiishie kwenye swichi ya pompi, na ufungue mfuniko wa kikapu. Mpira wake ukioshwa na kukaguliwa kwa kidole utakuambia kama una ufa au punje ya mchanga. Pisini mpya ina vumbi la saruji kila mahali, na punje moja chini ya mpira inatosha kuingiza hewa. Upake mafuta ya silikoni, usipake Vaseline wala grisi ya gari, maana mafuta ya petroli yanauvimbisha mpira.

Lakini mimi simshuku mfuniko. Namshuku kipande cha plastiki chenye hesi, ile mistari ya kukazia kama ya skrubu, kinachoingia kwenye mdomo wa pompi, upande maji yanapotokea. Siku ile pompi ilipozunguka kavu, maji kidogo yaliyobaki tumboni yalipata moto, na plastiki ya PVC huanza kulegea kwenye nyuzi 60 hivi. Kipande kile kinalegea, kinasinyaa, na kikipoa hesi zake hazishiki tena kama mwanzo. Kwa macho hutaona kitu. Hata maji hayatadondoka, kwa sababu pompi ikisimama maji yanarudi chini kwenye pisini yenyewe.

Fanya hivi. Piga sabuni kwenye maji kidogo mpaka povu liwe zito kama la kunyolea. Washa pompi, ngoja ishike maji, kisha upake povu kuzunguka kile kiungo chote, na umulike kwa tochi karibu kabisa. Mahali penye tundu utaona povu linaanza kuzama ndani kama kitovu, halafu linatoweka palepale, wakati pembeni limekaa tu. Ukitega sikio unaweza kusikia filimbi nyembamba. Kama huna uhakika, mwage kikombe cha maji polepole juu ya kiungo huku mwenzako anatazama viputo kwenye mfuniko wa kioo. Vikipungua maji yanapomwagika na vikarudi yakikauka, umempata. Fanya kiungo kimoja kimoja, kuanzia mfuniko kurudi nyuma mpaka bomba linapoingia ardhini. Usipake vyote kwa mara moja, hutajua ni kipi.

Kiungo kilichosinyaa hakitengenezwi kwa kukaza zaidi. Ukikaza utapasua mdomo wa pompi, na hapo ndipo kweli utanunua nyingine. Kinakatwa, kinawekwa kipya, tefloni ikizungushwa upande wa hesi inapokazwa. Wakati umekikata, weka palepale klapeti ya kuzuia maji kurudi chini. Kila usiku bomba lako linamwaga maji yake yote pisini, na kila asubuhi pompi inaanza na mita 18 za hewa. Klapeti na kiungo kizima vitakuondolea zile dakika kumi.

Ukimaliza hapo na hewa bado ipo, shuka kwenye vane tatu. Hakikisha hakuna mtu majini, hata mtoto aliyekaa ngazini, kisha fungua mstari mmoja na ufunge mingine miwili. Tundu la chini peke yake: kikapu kinajaa na viputo vinakoma? Basi bomba kuu ni zima na hewa inaingilia kwenye skima. Skima inayofanya kazi peke yake: hewa inarudi? Umejua ni mstari gani. Iliyokufa peke yake: pompi inanguruma, kikapu kinakauka, hakuna viputo vingi? Hiyo imeziba. Usiiache pompi katika hali hiyo zaidi ya nusu dakika, tumeona joto linafanya nini.

Nimesema hakuna mtu majini, na hapa nisimame kidogo, kwa sababu nyumba yako inapokea wageni na watoto wao. Tundu la chini likiwa moja tu, nguvu yote ya pompi ikielekezwa humo, linaweza kumkamata mtoto kwa nywele au kwa mwili na mtu mzima asiweze kumbandua. Mwaka 2002 huko Marekani msichana wa miaka 7 alikufa hivyo, ameshikwa na tundu la kuvutia maji, na mwaka 2007 ikapitishwa sheria ya kulazimisha mifuniko ya usalama kwenye matundu ya pisini za umma. Hata kama hapa hakuna anayekuja kukukagua, weka mfuniko uliobinuka usiozibwa na mwili, ukazwe kwa skrubu zake zote, na siku za kawaida vane ya chini iwe wazi kidogo tu, kazi kubwa ifanywe na skima mbili. Mfuniko ukivunjika, pisini inafungwa siku hiyo hiyo mpaka uwekwe mwingine. Hili sitaki ulifikirie mara mbili.

Turudi kwenye skima iliyokufa. Kwanza inua kile kikapu chake uangalie chini: skima nyingi zina matundu mawili, na moja huwa na kizibo. Mara nyingine bomba limeungwa kwenye tundu lenye kizibo na hakuna aliyekumbuka kukitoa. Kama si hivyo, nina dhana nyingine. Miaka iliyopita niliitwa Goma kwenye hoteli moja karibu na ziwa. Walikuwa na pompi ya tatu kwenye pisini isiyo na mwaka mmoja. Mbili za kwanza zilikuwa zimelala stoo, moja ikiwa nzima kabisa. Skima mbili kati ya tatu hazikuvuta. Tulifungua kiungo karibu na vane, tukasukuma maji kwa mpira kurudi kuelekea skima ya kwanza, na baada ya dakika moja lilichomoka fundo la karatasi ya mfuko wa saruji, limelowa, limekuwa gumu kama ugali wa jana. La pili lilikuwa na fundo kama hilo. Waashi hufanya vizuri kuziba midomo ya mabomba wakati wa kupiga lipu, ili saruji isiingie. Kinachosahaulika ni kuondoa. Ile hoteli ililipa pompi mbili kwa ajili ya karatasi, na niliumia kuona hivyo kwa sababu wenye nyumba walikuwa wamekopa.

Ona nilivyosema: kusukuma kurudi kuelekea skima. Uchafu uliingilia upande wa pisini, na utoke upande huo huo. Ukisukuma kwenda mbele unaupeleka kwenye kona inayofuata, na kona hiyo iko chini ya ardhi. Tumia maji ya mpira wa bustani, na kitambaa kuzunguka mdomo ili yasirudi. Usikubali mtu alete kompresa ya matairi. Maji yaliyobanwa yakipasua bomba yanamwagika tu, lakini hewa iliyobanwa ikipasua PVC inarusha vipande kama vya chupa.

Mdomo wa mbali usiotoa maji ni kazi ndogo. Fungua kile kipande cha duara kinachogeuka, washa pompi, acha maji yatoke bure kwa dakika moja. Mara nyingi punje za chokaa na maganda ya PVC yaliyokatwa kwa msumeno yamejikusanya nyuma yake, kwani mdomo wa mwisho ndio unaopokea takataka ya mstari mzima. Ukishakuwa safi na bado ukawa dhaifu, basi ni umbali tu: punguza kidogo matundu ya midomo ya karibu, wa mbali utapata haki yake.

Na takataka hiyo hiyo ikitokea upande wa kuvuta inaishia kwenye turbini. Umeme ukiwa umekatwa na kikapu kimetolewa, ingiza kidole kwenye tundu lililo nyuma ya kikapu. Utagusa macho ya turbini. Yakiwa na nyuzi, vijiti au punje, yasafishe kwa waya laini. Kazi ya dakika tano, na huwa inarudisha maji mengi kuliko mtu anavyotegemea.

Kuhusu umeme nina machache. Kama pompi yako ni ya trifaze, yaani nyaya tatu zote zinazoleta umeme, fundi akibadilishana mbili kati ya hizo inazunguka kinyume, inatoa maji kidogo na watu wanailaumu. Mshale kwenye mgongo wa mota unaonyesha upande sahihi. Kama ni ya umeme wa kawaida wa nyumbani, hilo halikuhusu. Lakini lazima pawepo swichi ya usalama inayokata yenyewe umeme ukivuja kwa milliampea 30. Mikono yenye maji, sakafu yenye maji, hatuchezi.

Sasa ugonjwa mkubwa, ule wa bomba. Hata ukiziba kila tundu, utabaki na pompi inayofanya kazi ikiwa imekabwa koo. Dawa iliyozoeleka ni kuchimba na kulaza bomba la 63, ambalo lingepunguza msuguano kutoka mita 3.4 mpaka 1 hivi. Ni dawa nzuri. Ila wewe una mteremko, na mteremko unakupa dawa bora zaidi ambayo haikuchimbii bustani nzima.

Hamisha pompi peke yake. Filta ibaki juu karibu na nyumba, bomba la mita 18 libaki lilivyo, pompi ishuke ikae hatua chache kutoka kwenye vane tatu, chini kidogo ya uso wa maji. Hapo maji yanaingia pompi kwa uzito wake, asubuhi hakuna kulia, hakuna kushika maji, hewa nyepesi ya Bukavu haina tena neno. Na lile bomba la 50 linalopanda linageuka kuwa la kusukuma. Msuguano wake ni ule ule wa 3.4, kupanda ni kule kule kwa 1.8, lakini pompi ndiyo inayolipa sasa, si hewa. Pompi ya pisini inasukuma mita 10 na zaidi bila kulalamika. Ile mita 2.3 kwa sekunde, ambayo ni nyingi mno kwa kuvuta, upande wa kusukuma inavumilika.

Naelewa hofu ya wezi, ni ya kweli. Jenga chumba kidogo cha zege, mfuniko wa chuma na kufuli mbili, matundu ya hewa pande mbili kwa sababu mota inahitaji kupoa, na bomba la kutolea maji sakafuni lenye mteremko wake. Hilo la mwisho usilisahau: pompi iliyo chini ya maji ikivuja inajaza chumba na kuizamisha mota. Weka vane kabla ya pompi na nyingine baada yake, ili siku ya kuifungua pisini isikufuate. Ile klapeti ihamie baada ya pompi, iyashike maji ya filta yasirudi. Kutoka kwenye vane tatu mpaka pompi tumia bomba la 63, fupi, na sentimita 40 au 50 za mwisho ziwe zimenyooka bila kona. Kona iliyo mdomoni mwa pompi inayaingiza maji yakiwa yanazunguka, na turbini haiyapokei vizuri.

Kama chumba hakiwezekani kabisa, basi ni bomba la 63 mpaka juu, kona chache, na pale kona inapohitajika weka mbili za nyuzi 45 badala ya moja ya 90. Bomba lipande mfululizo bila kibonde. Likipanda, likashuka, likapanda tena, kile kilima cha katikati kinafuga hewa na hakuna kiungo utakachokilaumu.

Kitu kimoja hukukiuliza. Unajaza maji kila baada ya siku ngapi? Weka ndoo yenye maji kwenye ngazi ya pisini, usawa wa maji ya ndani na ya nje uwe sawa, na ungoje saa 24 pompi ikifanya kazi, kisha saa 24 nyingine ikiwa imezimwa. Jua linakausha ndoo na pisini kwa kiasi kimoja. Pisini ikishuka zaidi ya ndoo, inavuja. Ikishuka zaidi pompi inapofanya kazi, ni bomba la kurudisha. Mahali pengine ningesema ni hasara ya maji tu. Nguba kwenye mteremko, udongo wa mfinyanzi, maji hayo yanaingia chini ya ukuta unaoshika pisini yako na labda juu ya nyumba ya jirani. Tumeona Bukavu jinsi udongo uliolowa unavyoshuka. Ukigundua uvujaji, funga mstari huo siku hiyo hiyo. Wala usiimwage pisini yote msimu wa mvua ili uitengeneze: maji ya ardhini yanaweza kuliinua beseni tupu na kulipasua. Kazi ya kuchimba ingoje Juni mpaka Agosti.

Muuzaji akirudi kabla hujahamisha pompi, kuna kipimo kinachomaliza ubishi. Chini ya kikapu cha pompi kuna kizibo cha kutolea maji. Fundi akitoe, aweke geji ya mvuto mahali pake, hewa ikiwa imeshazibwa. Kwa hesabu yangu itasoma karibu na bar 0.5 chini ya sifuri pompi ikitoa zile mita za ujazo 12.5. Hapa Bukavu hakuna pompi inayoweza kufika 0.9. Mwulize ile kubwa yake ataisomesha ngapi. Ukishaishusha pompi chini, geji hiyo hiyo itakaa karibu na sifuri.

Siku ya kulaza mabomba mapya, yajazwe maji, yapigwe presha ya bar 2, na yakae hivyo mpaka kesho yake mtaro ukiwa wazi. Kesho sindano iwe palepale. Kisha, kabla udongo haujarudishwa, piga picha ya kila kona na kila kiungo, futi kamba ikiwa imelazwa kando yake kutoka ukutani, na uzihifadhi picha hizo pamoja na karatasi za kiwanja.